Gonga Mara Tatu: Sehemu ya Tisa

Tulipoachana wiki iliyopita, vipande viwili vya chuma vilikuwa bado vinayumba sakafuni na simu ilikuwa inaita. Barua zenu nimezisoma. Kuna mama mmoja ameniandikia kwamba nikikatisha tena mahali kama pale atafungia maandazi gazeti hili bila kulisoma. Mama, nimekusikia. Haya, twende kabla simu haijakata.

Simu ilikuwa ya Kisulisuli. Aliyeipiga ni Fundi, dada yake, na alitaka kumwambia maneno mawili tu: zima gari. Lakini simu iliita hapo hapo gereji, juu ya meza ya kazi, chini ya kitambaa cha kufutia grisi.

Kisulisuli alikuwa ameisahau.

Fundi aliikata, akatazama tena sakafuni.

Kwa wewe unayejiunga nasi leo, iliyolala pale ni flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozungushwa na injini, ambalo klachi hulibana na kuliachia kila unapobadilisha gia. Flaiwili ya chuma cha pua ukiidondosha kutoka darini, itakayoumia ni sakafu. Hii ilikuwa imeteleza mezani, kimo cha kiuno tu, ikagawanyika kama mkate mkavu. Maana yake haikuwa chuma cha pua. Ilikuwa chuma cha kusubu, kile cha mifuniko ya mashimo ya barabarani, wakaichonga mgongoni mpaka ikawa nyepesi na kuipaka rangi ya kijivu ipendeze.

Ukiifunga kwenye gari la michezo na kuipandisha mizunguko elfu saba na nusu kwa dakika, hupasuka. Vipande hukata giaboksi na kupita kwenye sakafu ya gari, pale pale penye miguu ya watu.

Fundi hakuhitaji kusimuliwa. Baba yake, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Gonga, ana mguu mmoja kwa sababu hiyo hiyo. Ule wa kushoto ulibaki kwenye gari la mashindano miaka ishirini na saba iliyopita, na tangu siku ile Mzee hajakanyaga tena ndani ya gari la mbio.

Na flaiwili zilikuja tatu, sura moja, rangi moja. Mojawapo ilikuwa ndani ya gari la bluu la Kisulisuli, na Kisulisuli alikuwa ameshaondoka kwenda kulijaribu kwenye uwanja wa zamani wa ndege.

* * *

Mambo yalianza vizuri tu. Majuma matatu nyuma Kisulisuli aliingia gereji na maringo yake.

"Dada, nataka klachi inayouma. Na flaiwili nyepesi. Nikigusa mafuta, injini iruke."

"Nyepesi itakuzimikia kwenye foleni mpaka watoto wakuzomee."

"Mimi na foleni wapi na wapi?"

Fundi alimpangia aina tatu mezani. Ya kiwandani, kilo tisa, tulivu, ya kudumu. Ya alumini, nyepesi kama sinia, ila uso wake huliwa haraka na klachi kali. Na ya chuma cha pua, kilo tano, nyepesi na ngumu. Wakachagua hiyo ya mwisho.

Kesho yake akaja Daktari wa meno, mwenye gari kama lile lile, jeupe. Akataka na yeye afungiwe vile vile.

"Daktari, wewe unashinda kwenye foleni," Fundi alimwambia. "Chukua diski laini na flaiwili ya kiwandani. Mguu utakushukuru."

"Mimi nang'oa meno wiki nzima. Niachie siku moja na mimi ning'oe lami."

Wakacheka. Fundi akaagiza tatu, mbili za magari na moja ya akiba.

Sasa gereji ile ina mwiko wake, na mwiko wenyewe ni wa Mzee Gonga. Flaiwili yoyote, hata itoke kwa nani, hutundikwa kwenye waya ikagongwa kwa spana mara tatu kabla ya kufungwa. Ya chuma cha pua huimba, na sauti yake inakaa hewani mpaka umalize kuvuta pumzi. Ya kusubu hunyamaza mapema, kama umegonga gogo.

Fundi aliitundika ya kwanza, akaigonga mara tatu, ikaimba. Akaiwekea alama ya chaki. Hapo hapo wakaingia wateja wanne kwa mkupuo, kila mmoja na haraka yake. Zile mbili zilizobaki akaziweka kwenye mizani tu. Kilo tano, kilo tano. Boksi ni lile lile, lakiri ni ile ile. Akaona zinatosha.

Flaiwili mpya huja imepakwa mafuta isishike kutu, na klachi haitaki mafuta. Kwa hiyo Fundi alichukua petroli na kitambaa akazifuta zote tatu, moja baada ya nyingine. Alipomaliza akaona weupe kwenye kitambaa. Alikuwa ameifuta na chaki yake.

Pale ndipo alipotakiwa kuzitundika upya. Hakuzitundika. Akafunga mbili kwenye yale magari hivyo hivyo, asijue tena ipi ndiyo aliyoigonga.

Na asubuhi ya leo, Jumamosi, wakinywa chai, Mzee akamuuliza kama anavyouliza siku zote.

"Umezigonga zote?"

"Zote, Baba."

"Mara tatu tatu?"

"Mara tatu tatu."

Mzee akatikisa kichwa, ameridhika. Akamaliza chai, akavaa shati lake la kola, akachana nywele mara mbili, akasema anaenda kwa Daktari wa meno. Yale meno ya bandia aliyotengenezewa mwezi uliopita tayari ameyapeleka kuangaliwa mara tano, na hayana kasoro yoyote. Akatoka na mikongojo yake huku anapiga mluzi. Fundi alicheka peke yake, akafurahi kwamba baba yake, mgane wa miaka mingi, anaanza kuchangamka.

Alikuwa amemdanganya baba yake usoni, akacheka.

* * *

Fundi alichukua tupa na jeki, akazitupa nyuma ya pikapu, akatoka gereji mlango ukiwa wazi.

Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unampigia muuza vipuri.

"Zile flaiwili ulizitoa wapi?"

"Fundi! Habari za asubuhi kwanza..."

"Moja imeanguka. Imevunjika vipande viwili."

Alimsikia anafunga mlango wa duka ili wateja wasisikie.

"Fundi, usipige kelele."

"Sijapiga bado. Zimetoka wapi?"

"Moja ni halisi. Ilikuwa imebaki hiyo moja tu stoo. Wewe ulitaka tatu, tena ulitaka kesho yake. Mbili nilizipata kwa mtu. Akaniapia ni zile zile. Mimi nilibadilisha maboksi tu."

"Tu?"

"Fundi, mimi si mtaalamu wa..."

Alikata. Halisi moja, bandia mbili. Bandia ya kwanza imelala gereji. Ya pili imo ndani ya gari, ama la bluu ama jeupe, na aliyezifunga ni yeye kwa mikono yake miwili.

Akampigia Daktari. Simu imezimwa.

Hapo akashusha pumzi kidogo. Daktari akiwa na mgonjwa kwenye kiti huzima simu. Na Baba si ameenda huko huko? Basi Daktari yuko kliniki, na gari jeupe limeegeshwa kivulini halimdhuru mtu. Wa kuwahiwa ni Kisulisuli.

Nami sitawaficha: hata kama asingejua Daktari yuko wapi, angeanza na mdogo wake. Alimbeba mgongoni tangu mama yao alipofariki. Alimfundisha kutembea, akamfundisha kuendesha. Akafikiria miguu ile, akakanyaga mafuta.

Injini ikanguruma. Pikapu haikuongeza mwendo.

Mnacheka? Chekeni. Fundi wa klachi anayefuatwa kutoka miji ya mbali, klachi ya pikapu yake mwenyewe inateleza miezi minne sasa, na kila siku anasema kesho. Leo mbele yake kulikuwa na kilima cha uwanja wa zamani wa ndege, na hiyo kesho ilikuwa haijafika.

"Panda," aliibembeleza. "Panda, tafadhali. Nitakufungia mpya. Nitakuosha. Panda."

Ilipanda kwa mwendo wa mtu anayebeba kabati. Harufu ya klachi inayoungua ikajaa ndani mpaka macho yakamwasha. Mtu wa baiskeli akampita upande wa kulia, akamtazama kwa huruma. Fundi alitamani kushuka akimbie kwa miguu, na mara mbili alishika kitasa cha mlango.

Kileleni akaanza kuzisikia injini.

* * *

Uwanja wenyewe ni njia ndefu ya lami iliyopasuka pasuka, imegawanywa katikati kwa matairi yaliyopakwa chokaa ili magari mawili yapate njia mbili. Pembeni kuna banda kubwa la ndege lisilo na ndege, na nyuma yake ndipo magari yanaposubiri zamu. Mbele ya mstari alisimama mshika bendera mwenye fulana ya rangi ya chungwa.

Gari la bluu lilikuwa mstarini. Bendera ilikuwa juu.

Fundi hakupiga honi. Honi ya pikapu ile ilikufa kabla ya klachi. Aliipita kamba, akampita mlinzi aliyekuwa anapunga mikono miwili, akaingia njiani na kusimamisha pikapu kukingama mbele ya pua ya gari la mdogo wake. Kitu kikalia chini ya miguu yake, kraa, na pikapu ikafa hapo hapo.

Kisulisuli alishuka na kofia yake ngumu kichwani, anafoka.

"Dada, una wazimu? Nilikuwa naondoka! Sekunde moja tu na ningekuwa juu yako!"

"Zima injini."

"Watu wote wanatuangalia..."

"Zima injini, mwanangu!"

Hajawahi kumwita hivyo mbele za watu. Kisulisuli aliizima. Alivua kofia, akamtazama dada yake usoni, na hasira ikamtoka.

"Kuna nini?"

"Flaiwili. Ya akiba imevunjika. Moja kati ya yako na ya Daktari ni ya kusubu. Sijui ni ipi."

"Si ulizigonga?"

Fundi alikwenda nyuma ya pikapu kuchukua jeki.

Walilipandisha gari la bluu pale pale mstarini, watu wakiguna, mshika bendera akiuliza hili jambo litachukua muda gani. Fundi akaingia chini kwa mgongo. Giaboksi ina kidirisha kidogo cha ukaguzi, kifuniko cha skrubu mbili. Akakifungua, na joto la chuma likampiga usoni. Mgongo wa flaiwili ulikuwa pale, wa kijivu na msafi, hausemi kitu.

Kuigonga haiwezekani ikiwa imefungwa na klachi, maana haitaimba hata kama ni njema. Lakini kuna tupa. Chuma cha kusubu ukikikwangua kwa tupa hutoa vumbi jeusi, linapaka vidole kama masizi. Chuma cha pua hutoa chembe nyeupe zinazong'aa.

"Dada, unaona nini?" Kisulisuli alikuwa amelala kifudifudi pembeni, shavu kwenye lami.

"Sijaanza."

"Mbona hujaanza?"

"Naogopa."

Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ndogo. Mdogo wake akanyoosha mkono chini ya gari akamshika kifundo cha mguu, wala hakumcheka.

Fundi akapitisha tupa mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Akakinga kiganja chini ya kidirisha, akakipeleka kwenye mwanga.

Chembe zilimeremeta.

Akapitisha kidole juu yake, akakitazama. Hakuna weusi. Akarudia upande mwingine, akasugua kwa nguvu. Zikamwagika nyingine, nyeupe, kali, zikamchoma ngozi.

"Ni yenyewe," alisema. "Ni ile niliyoigonga. Ni yenyewe!"

Alitoka chini ya gari akakaa kwenye lami, akacheka, na machozi yakamtoka huku anacheka. Kisulisuli akamkumbatia, grisi na vyote. Mlinzi aliyekuwa amekuja kuwafukuza akasimama, asijue afanye nini na mikono yake.

"Umenitia hofu, Dada. Miguu yangu bado inatetemeka."

"Acha itetemeke. Ipo."

Wakacheka tena. Kisulisuli ndiye aliyeacha kwanza.

"Kwa hiyo mbovu ni ya Daktari."

"Ya Daktari. Lakini yeye yuko kliniki. Baba alikwenda kwake asubuhi. Tutapita huko tukalichukue gari, tulivute kwa kamba, lisiwashwe kabisa."

Kisulisuli alimtazama kama mtu anayetafuta lugha.

"Kliniki ipi, Dada?"

"Ya Daktari."

"Kliniki yake haifunguliwi Jumamosi."

Fundi akainuka kutoka kwenye lami.

"Daktari yuko hapa," Kisulisuli alisema. "Amekuja na Baba. Wametaka kukushangaza. Baba anamsomea saa. Alisema miaka ishirini na saba inatosha, kama ni gari ulilofunga wewe, atakaa ndani yake."

* * *

Injini iliwaka nyuma ya banda.

Fundi aliijua kabla hajaiona. Ilipanda haraka na kushuka haraka, jinsi inavyopanda na kushuka injini yenye flaiwili nyepesi. Mshika bendera alikuwa amechoka kusubiri. Njia ya gari la bluu imezibwa na pikapu, basi akaita gari linalofuata lije kwenye njia ya pili.

Gari jeupe lilijitokeza taratibu, likasogea mpaka mstarini, ng'ambo ya matairi ya chokaa.

Pikapu ilikuwa imekufa. Gari la bluu lilikuwa juu ya jeki, tairi hewani. Yote mawili alikuwa ameyakwamisha yeye mwenyewe.

"Mzuie wa bendera!" Fundi alimpigia kelele mdogo wake, na Kisulisuli akachomoka mbio. Yeye akaruka matairi, goti likagonga, akaanguka, akainuka.

Daktari alikuwa anatazama mbele, kofia imemfunika uso, mikono yote miwili kwenye usukani. Kando yake, upande wa Fundi, alikaa Mzee Gonga. Mikongojo imefungwa nyuma ya kiti. Saa ya kuhesabia iko mkononi. Mguu wa kulia, ule uliobaki, ameunyoosha mbele kandokando ya giaboksi.

"Baba! Shuka!"

Daktari alikanyaga mafuta kuipasha injini. Elfu tatu. Elfu nne. Fundi alizihesabu kwa masikio, bila kutaka.

"Baba! Sikuzigonga! Nilikudanganya, sikuzigonga!"

Hakuisikia hata yeye mwenyewe sauti yake. Elfu tano.

Mzee aligeuza kichwa. Alimwona binti yake anakuja mbio, mdomo wazi, mikono juu, kama wanavyokuja washangiliaji. Uso wa mzee ukafunguka. Akatabasamu kwa meno yake yote mapya, akaweka kiganja sikioni kuonyesha kwamba hasikii, akacheka.

Kisha akatoa mkono dirishani, na kwa vifundo vya vidole, taratibu, ili binti yake aone vizuri, akaugonga mlango mweupe.

Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Kisulisuli alikuwa bado hatua kumi kumfikia mshika bendera, na bendera ikashuka.